Kengele ya jirani yangu

Jumamosi iliyopita nilikwenda kanisani Kisauni kutazama tamasha la kwaya na maigizo. Mimi ni Muislamu, na nilijua maneno ya barazani hayatakosa. Lakini aliyenialika ni jirani yangu, yule mama aliyetupikia uji siku tatu tulipofiwa. Ningekataaje?

Wengi wetu hushuka matatu Kengeleni bila kujiuliza jina lilitoka wapi. Ni ile kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Iligongwa kuwaonya watu kwamba wawindaji watumwa wanakuja. Vijana waliigiza kisa hicho kwa Kiswahili chetu cha Mombasa, na kwaya ikafuata na kayamba lile lile tunalolisikia kwenye harusi za Wamijikenda.

Alasiri ilipoingia, mzee wa kanisa alinionyesha chumba akanitandikia mkeka. Nikaswali, nikarudi kitini.

Kuhudhuria si kubadili dini. Wao wana ibada yao, nami nina yangu. Lakini historia ya mtaa ni yetu sote. Kila uchaguzi ukikaribia, wazao wa Freretown huitwa watu wa kuja. Nami nimewahi kulitamka neno hilo. Mtu ambaye wazee wake wamezikwa hapa karne moja na nusu sasa, amekuja kutoka wapi tena? Jirani, niwie radhi.