Kiti cha baiskeli kwa wanawake: upana kwanza, ulaini baadaye

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika barani Afrika. Mbio kuu za wanawake zilikuwa za kilomita 164.6 za kupanda na kushuka vilima, na mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Kwa mfanyabiashara wa vipuri, mbio kama hizo zinakumbusha jambo moja. Mwanamke anayeendesha baiskeli ya mbio hukaa kitini kwa saa nyingi, tena akiwa ameinama. Kiti kisichomfaa humletea ganzi, michubuko na vidonda, na wengine huacha kabisa mchezo huo. Anayeuza kiti hicho naye hurudishiwa mzigo au hupoteza mteja.

Kosa la kawaida

Wauzaji wengi, mwanamke akilalamika kuwa anaumia, humpa kiti kinene chenye sponji au jeli nyingi. Dukani kinapobonyezwa kwa kidole huonekana kizuri. Barabarani mambo hubadilika. Mifupa miwili ya makalio huzama ndani ya sponji, na sehemu ya katikati ya kiti huinuka na kubana nyama laini za sehemu za siri. Damu haipiti vizuri na ganzi huanza.

Kiti kizuri ni kile kinachobeba uzito wa mwili juu ya mifupa hiyo miwili. Kwa wastani, nafasi kati ya mifupa hiyo ni pana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Lakini huo ni wastani tu. Wapo wanawake wenye nafasi nyembamba na wanaume wenye nafasi pana. Kwa hiyo maandishi ya "kwa wanawake" kwenye boksi hayatoshi. Ni lazima kupima.

Jinsi ya kupima

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Chukua kipande cha boksi la kawaida lenye mawimbi ndani na ukiweke juu ya kiti kigumu au benchi. Mteja akalie akiwa amevaa nguo nyepesi, ainame mbele kidogo na kuinua visigino. Baada ya dakika moja ainuke. Boksi litabaki na mabonyeo mawili. Pima kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya lingine.

Kwa anayeinama kwenye baiskeli ya mbio, kanuni ya kawaida ni kuongeza milimita 10 hadi 20. Anayekaa wima zaidi huhitaji nyongeza kubwa zaidi. Mfano: mteja mwenye kipimo cha milimita 130 atafaa kuanza na kiti cha upana wa milimita 143 au 150. Kampuni ya Specialized, kwa mfano, hutengeneza viti vya milimita 143, 155 na 168. Aliyeagiza upana mmoja tu, hata akileta katoni kumi, bado hana cha kumuuzia mteja wa pili.

Tundu la katikati na mwinamo

Mwendeshaji anapoinama, nyonga huzunguka mbele na uzito huhama kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye nyama laini. Ndiyo sababu viti vingi vya mbio vina tundu au mfereji katikati, na vingine vina pua fupi. Mmarekani Georgena Terry, aliyeanzisha kampuni ya baiskeli za wanawake mwaka 1985, ni miongoni mwa waliovitangaza viti vyenye tundu. Tundu huwasaidia wengi, lakini kingo zake huwabana wengine. Njia ya hakika ni mteja kujaribu akiwa barabarani.

Kabla ya kubadilisha kiti, fundi aangalie kilivyofungwa. Kikiwa juu mno, mwendeshaji huyumba kushoto na kulia na ngozi huchubuka. Pua ikiwa imeinuka, hubana mbele. Aanze kwa kukilaza sawa, kisha ainamishe pua kidogo kidogo. Mwaka 2016 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilibadilisha kanuni zake na kuruhusu mwinamo wa hadi digrii 9. Hapo awali ulioruhusiwa ulikuwa digrii 2.5 tu.

Kaptura ya baiskeli yenye pedi nayo ni muhimu. Huvaliwa bila chupi ndani, kwa kuwa mishono huchubua, na hufuliwa kila baada ya safari. Uvimbe au ganzi isiyoisha ni jambo la kumwona daktari.

Kwa anayeagiza na anayesafirisha

Kwanza, viti vya baiskeli vina namba yao ya ushuru, 8714.95, tofauti na baiskeli kamili ambazo ni 8712. Ankara itenganishe vitu hivyo.

Pili, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Kiti kilichotengenezwa Taiwan, China au Italia hakiwi cha Afrika Mashariki kwa kununuliwa Dar es Salaam na kuvushwa Rusumo. Anayevusha mpakani awe na nyaraka za ushuru uliolipwa.

Tatu, kagua vyuma viwili vya chini ya kiti. Vya chuma cha kawaida ni vya duara, milimita 7. Vya kaboni mara nyingi ni vya umbo la yai, milimita 7 kwa 9, na havikai kwenye kishikio cha kawaida.

Nne, katoni za viti ni nyepesi lakini hujaza nafasi, na hazifai kuwekwa chini ya mzigo mzito. Viti vya ngozi, kama vya Brooks ya Uingereza, visilowe njiani.

Mwenye duka atakayetenga viti viwili au vitatu vya majaribio vya upana tofauti, na kumwachia mteja aende navyo siku chache, atauza kiti kinachobaki kwenye baiskeli.