IST ya umbo jipya: je, inazifaa barabara za Dodoma?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji uliyelikuta zungumzo hili gazetini, juma hili nakusudia kuzungumzia gari dogo. Si gari la waziri wala la mkurugenzi. Ni gari la mwalimu, la muuguzi, la karani wa wizara na la mwenye duka pale Majengo. Nazungumzia Toyota IST.

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi uliokaa kwenye makaratasi tangu 1973, mji huu umetawanyika. Mtu anaishi Nala, ofisi iko Mtumba, watoto wanasoma Kisasa. Kutoka katikati ya mji hadi Mji wa Serikali pale Mtumba ni kilometa zipatazo 17. Ndiyo maana swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wanaojiandaa kuchukua mkopo wa mshahara ni hili: ninunue IST ya zamani, au ile ya umbo jipya ambayo madalali huiita nyu modeli?

Swali hilo si dogo. Kwa familia nyingi, fedha hiyo ndiyo fedha pekee kubwa itakayopita mikononi mwao kwa miaka kadhaa. Ikienda vibaya, mkopo unabaki, gari linalala kwa fundi, na kiwanja kilichokuwa kinunuliwe kinachukuliwa na mwingine. Nimeendesha magari yote mawili, mjini na safarini, na leo nitaeleza nilichokiona.

Tuanze na asili yake. Toyota walitoa IST ya kwanza mwaka 2002, wakiijenga juu ya msingi wa Vitz. Jina lenyewe ni kile kiishio cha Kiingereza kinachomtaja mtu aliyezama katika fani yake, kama vile mpiga piano. Wajapani hulitamka “isuto”. Sisi tumeamua kutaja herufi moja moja, na hakuna aliyelalamika. Umbo la pili lilitoka mwaka 2007 na likaendelea kutengenezwa hadi 2016. Kwa hiyo neno “jipya” lisikudanganye. Hata ile iliyotoka kiwandani mwisho kabisa si gari changa tena.

Nini kilibadilika? Kwanza ukubwa. IST ya zamani ina urefu wa sentimeta 385 na nusu. Ya pili ina 393. Upana umetoka sentimeta 169 na nusu hadi 172 na nusu. Lakini kipimo cha maana kwa abiria ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambao umeongezeka kwa sentimeta 9, kutoka 237 hadi 246. Sentimeta hizo tisa utazisikia mara mbili. Utazisikia kwenye magoti ya anayekaa nyuma, na utazisikia unapopita juu ya matuta, kwa sababu gari lenye ekseli zilizoachana zaidi halinesi mbele na nyuma kama mbuzi anayeruka ukuta. Safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam, kilometa zipatazo 450, haichoshi mgongo katika umbo jipya kama inavyochosha katika la zamani.

Pili ni mahali pa dereva. Katika IST ya zamani, saa ya mwendo imewekwa katikati ya dashibodi, na abiria wako anaona unavyokimbia kama unavyoona wewe. Katika umbo jipya saa hiyo imerudi mbele ya dereva. Hilo ni jema. Lisilo jema ni kwamba nguzo za nyuma zimenenepa na vioo vya nyuma vimepungua. Ukirudi nyuma katika uchochoro wa Chang’ombe wenye watoto wanaocheza, IST ya zamani inakuonyesha zaidi. Mwenye umbo jipya ashuke aangalie kwanza, au amwombe mtu amwelekeze.

Tatu ni injini. Ya zamani ilitoka na injini za aina mbili: lita 1.3 na lita 1.5. Katika umbo jipya ile ya 1.3 haikurudi, imebaki 1.5, na ikaongezwa ya 1.8. Injini ya 1.5 ni ya ukoo uleule wa NZ katika magari yote mawili. Hii ni habari njema, maana mafundi wetu wanaijua kama wanavyojua viganja vyao, spea zake zimejaa madukani, na inatumia cheni badala ya ule mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila baada ya kilometa kadhaa.

Hapa lazima tukumbuke tunakoishi. Dodoma iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila meta 100 unazopanda. Maana yake ni kwamba gari lililokuwa na nguvu kumi pale Kariakoo linafika kwetu likiwa na nguvu kama tisa. Mwenye injini ya 1.3, watu wazima wanne na gunia la mahindi kutoka Kibaigwa, atalijua jambo hili anapokipanda kilima cha Gairo nyuma ya lori. Kwa mizunguko ya mjini 1.3 inatosha kabisa. Kwa mtu wa safari, 1.5 si anasa. Ni usalama wa kupita gari jingine na kurudi upande wako mapema.

Nne, na hapa nakuomba utege sikio, ni gia boksi. IST ya zamani hutumia gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. IST ya umbo jipya, ile ya 1.5 inayovutwa na magurudumu ya mbele ambayo ndiyo wengi wanayo, inatumia aina inayoitwa CVT. Ndani yake hakuna gia kama tunavyozijua. Kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo hujipanua na kujibana ili kubadili mwendo. Ndiyo maana hulisikii gari likibadili gia. Injini inalia kwa sauti moja huku mwendo ukipanda taratibu.

Mtambo huo ni mzuri na unasaidia kubana mafuta. Lakini una oili yake maalumu. Oili ya otomatiki ya kawaida haiufai, hata kama rangi inafanana, hata kama fundi anaapa. Mkanda ule hushika puli kwa msuguano ambao oili hiyo maalumu ndiyo imetengenezwa kuutunza. Ukiweka nyingine, mkanda unateleza, chuma kinalika, na siku moja gari linaunguruma bila kwenda. Kabla ya kununua umbo jipya, muulize mwenye gari alibadili lini oili ya gia boksi na aliweka ipi. Akijibu “yoyote ile”, mshukuru na uondoke.

Sasa barabara. Barabara kuu zetu zimebadilika sana. Lami ya kwenda Iringa kupitia Mtera na ile ya kwenda Babati zilizinduliwa mwaka 2018, na barabara ya mzunguko wa nje ya mji, yenye kilometa 112.3, ilianza kujengwa 2022. Lakini wengi wetu nyumba zetu haziko kwenye lami. Kutoka lami hadi mlangoni kuna mchanga, kuna makorongo, na masika kuna udongo mweusi unaoganda kwenye tairi kama ugali. IST zote mbili ni magari ya chini. Umbo jipya lina magurudumu makubwa kidogo, ya inchi 16 badala ya 15, lakini usitegemee hilo likufanye uwe na Land Cruiser.

Wapo wanaoinua gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu. Gari linainuka kweli. Lakini ekseli zinazozungusha magurudumu ya mbele zinabaki zimepinda kuliko ilivyokusudiwa, viungo vyake vinachakaa haraka, na gari linayumba zaidi kwenye kona. Afadhali mtu akusanye nguvu na majirani wakafukie mashimo ya mtaa. Na korongo likijaa maji, subiri. Gari dogo huelea mapema kuliko dereva anavyodhani.

Vumbi nalo lisisahaulike. Filta ya hewa inayodumu mwaka mzima mahali pengine, huku kiangazi inaziba mapema. Ifungue na uiangalie mara kwa mara. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji fundi.

Tuje kwenye fedha. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa magari umegawanywa kwa ukubwa wa injini: kundi la hadi cc 1,000, kundi la hadi cc 2,000, na kundi la zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayedhani ataokoa kodi kwa kuagiza IST ya 1.3 badala ya 1.5 anajidanganya, zote ziko kundi moja. Mwenye kutafuta unafuu huo atazame Passo au Vitz za cc 996 na 997. Halafu kuna nyongeza ya ushuru kwa gari lililozidi miaka minane, na kubwa zaidi kwa lililozidi kumi. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina kikokotoo mtandaoni kinachokuonyesha kodi ya gari kwa modeli na mwaka wake. Kitumie kabla ya kutuma senti Japani.

Kwa anayenunua hapahapa nchini, nina onyo moja kuhusu herufi. Watu wetu wanalipa zaidi kwa “namba D” au “namba E”. Herufi hiyo inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuelezi lilitengenezwa lini, wala limetembea kiasi gani. Kilometa za kwenye dashibodi nazo hurudishwa. Tazama mpira wa pedeli ya breki, tazama stelingi na kiti cha dereva. Pedeli iliyolika hadi chuma haiwezi kuwa ya gari lililotembea kilometa 40,000.

Kisha inama uangalie tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na halifai safari hata kama meno yake bado marefu. Magari mengine yanatoka sehemu za baridi za Japani yakiwa na tairi za theluji. Mpira wake ni laini, na lami yetu ya saa nane mchana si mahali pake. Magari hayohayo yachunguzwe pia chini, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma.

Jambo la mwisho la usalama ni mifuko ya hewa. Mamilioni ya magari ya makampuni mbalimbali, zikiwamo modeli kadhaa za Toyota, yaliitwa yarudishwe kwa sababu mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari wa Japani. Haikukufuata wewe Nkuhungu. Chukua namba ya chasisi, ingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, ujue kama gari lako limo na kama lilishatengenezwa.

Basi ipi inunuliwe? Hukumu yangu ni hii. IST ya umbo jipya yenye injini ya 1.5 ni gari bora: lina nafasi zaidi, limetulia zaidi, linafaa familia inayosafiri. Lakini ubora huo unasimama juu ya gia boksi iliyotunzwa. IST ya zamani iliyo safi ni bora kuliko mpya iliyochoka, na kwa mtu wa mizunguko ya mjini anayemtegemea fundi wa mtaani, mtambo wake rahisi ni akiba. Nunua hali ya gari, usinunue umbo. Na tenga fedha za tairi, oili na bima kabla hujalipa bei. Kama hazibaki, gari hilo bado si lako. Kwa safari za Dar, tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na si aibu kuacha gari nyumbani.

Nikumbushe na hili dogo. Redio ya gari la Kijapani imetengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, yanayoanzia 76 na mara nyingi kuishia 90, ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Mwambie fundi akufungie kile kifaa cha kubadili masafa, kusudi juma lijalo, wakati kama huu, usinikose ukiwa safarini.