Dawa imeondolewa dukani, je iliyo kabatini?

Aprili 12, 2024, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ilianza kuondoa sokoni dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, toleo namba 329304. Siku mbili kabla, Nigeria ilitangaza kukuta ndani yake daiethilini glaikoli, kemikali inayoharibu figo. Kenvue, kampuni yenye chapa hiyo, ilisema vipimo vyake havikuiona.

Toleo hilo lilitengenezwa Afrika Kusini Mei 2021, na muda wake wa matumizi ulikuwa unaisha Aprili hiyohiyo. Huenda chupa nyingi zilishatumika!

Kampuni humwarifu mwagizaji, naye huarifu maduka. Taarifa huweza kuishia hapo, maana mara nyingi muuzaji haandiki jina la mama aliyenunua. Chupa iliyotoka Ujiji ikapanda boti hadi Kagunga, nani ataifuata?

Mzazi, usitupe boksi. Namba ya toleo imeandikwa hapo. Ukisikia imetajwa, acha kumpa mtoto na urudishe chupa dukani. Lakini akiwa ameshainywa, akatapika, akaumwa tumbo au kushindwa kukojoa, mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa yenyewe.