Manifoldi Inayovuja ni Adui Aliye Ndani ya Gari

Askari amefunzwa kumtazamia adui mbele yake. Lakini yuko adui mwingine asafiriye naye katika gari moja, asiye na rangi wala harufu, ambaye hushambulia bila kufyatua risasi. Adui huyo ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, na mlango wake mmojawapo ni pale manifoldi ya moshi inapoungana na silinda hedi ya injini. Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili, kwa kuwa magari ya jeshi na ya polisi yanayopanda vilima vya Gitega na Muyinga, hadi huko Mwakiro, hufanya kazi inayokaribiana na ile ya magari ya mashindano.

Ulinganisho huu si mzaha. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mawe. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, na tena kwa mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Katika safari ile ndefu mbio peke yake hazikutosha. Ilibidi kwanza gari lifike.

Katika magari ya namna hiyo, manifoldi mara nyingi si kipande kizito cha chuma cha kusubu. Huundwa kwa mabomba membamba ya chuma, kila silinda na bomba lake, yaliyopindwa na kuchomelewa ili moshi utoke upesi na injini ipate nguvu zaidi. Faida hiyo ina gharama yake: bomba jembamba hupinda na kupasuka upesi kuliko chuma kinene. Hata hivyo, manifoldi nene ya gari la kazi nayo haikusalimika, kwani adui wao ni mmoja, yaani joto.

Moshi wa injini ya petroli inayofanya kazi kwa nguvu zake zote waweza kuzidi nyuzi 800 za Selsiasi. Bomba la chuma cha pua lenye urefu wa sentimita 50, joto lake likipanda kwa nyuzi 600, hurefuka kwa milimita 5 hivi. Chuma cha kusubu hurefuka kwa milimita 3 na zaidi kidogo. Wakati huohuo silinda hedi, inayopozwa na maji, hukaa karibu na nyuzi 100. Hivyo vyuma viwili vilivyofungwa pamoja huvutana kila injini inapopata moto na kila inapopoa. Gasketi iliyo katikati husagika, na bolti hulegea. Ongeza mtikisiko wa barabara ya udongo, uzito wa bomba lililokosa kishikizo, na maji baridi ya dimbwi yanayorukia chuma chenye moto: ufa hauko mbali.

Dalili zake si za kufichika kwa mwenye masikio. Injini ikiwashwa asubuhi hutoa mlio wa tiki-tiki, nao hupungua injini ipatapo moto. Dereva asidanganyike kwamba gari limepona. Chuma kimevimba tu na kuziba mwanya kwa muda. Aidha, masizi meusi huonekana penye kiungo. Injini yenye tabo hupungukiwa nguvu mlimani. Na katika magari ya siku hizi, hewa ya nje ikifyonzwa kupitia ufa humhadaa mpimaji wa oksijeni, naye huiambia kompyuta kuwa petroli ni haba; gari likaanza kunywa mafuta bila sababu.

Kinga huanza siku ya kufunga. Nyuso mbili zinazokutana hazina budi kusafishwa, kisha zipimwe unyoofu wake kwa rula ya chuma; iliyopinda kupita kiwango cha mtengenezaji ipelekwe kunyooshwa kwa mashine. Gasketi iwe mpya, na gundi ya kawaida isitumike badala yake, kwa maana itaungua. Bolti zikazwe injini ikiwa baridi, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, na kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za mkono na makisio. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa, zikaguliwe tena kama mtengenezaji alivyoagiza. Mwisho, vishikizo vya bomba na raba za injini viwe vizima, ili manifoldi isibebe mzigo usio wake.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi. Dereva hupoteza uamuzi wake kabla hajajua kwamba ameupoteza, na walioketi nyuma chini ya turubai hudhani ni uchovu tu wa safari. Anayelala garini usiku wa mvua huku injini inanguruma yumo hatarini zaidi. Dalili hizo zikitokea, gari lisimamishwe, injini izimwe, watu wote watoke kwenye hewa safi, na wagonjwa wapelekwe kwa daktari. Kufungua dirisha na kuendelea na safari si tiba.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kikosi, ukuta huo waweza kuwa maisha ya watu. Hivyo basi, dereva anayeripoti mlio mdogo asichekwe wala asiitwe mvivu anayekwepa safari. Mlio huo uandikwe katika kitabu cha gari, na fundi apewe muda wa kuutafuta. Kamanda anayelichelewesha gari kwa saa mbili ili bolti zikaguliwe hajachelewesha kazi ya taifa. Amewalinda watakaoifanya.