Steringi anapoua, mbona mtoto wako anashangilia?

Makambako. Jioni ya baridi, mtoto akikaa mbele ya runinga au akipenyeza kichwa kwenye banda la video, swali lake la kwanza ni moja: steringi ni nani? Akishaonyeshwa, ameshachagua upande. Hata steringi akiua watu kumi, atapiga makofi.

Mapenzi hayo hayaji yenyewe. Yanatengenezwa.

Mfano ni Rambo, anayejulikana sana kwenye mabanda ya video nchini. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anaua askari wengi na mwishowe anakufa. Filamu ya First Blood ya mwaka 1982 ilimbadilisha. Inaanza akimtafuta rafiki yake wa jeshini, anaambiwa amekufa kwa saratani. Kisha polisi wanamfukuza mjini, wanamkamata, wanampiga na kumdhalilisha. Anapoanza kulipiza, mtazamaji ameshampa haki. Mwisho wa yeye kufa ulirekodiwa, lakini ukaachwa.

Kamera nayo ina upande. Uso wa steringi huletwa karibu, tuone jasho na machozi. Maadui huonyeshwa kwa mbali, wengi, hawana majina. Wakianguka, picha inaendelea. Muziki hutuambia tumhurumie nani. Hapa kwetu sauti ya mfasiri, kama Lufufu enzi zake, huongeza chumvi yake.

Kiafya, jambo hili si la kupuuza. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Albert Bandura alichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wadogo. Waliomwona mtu mzima kwenye filamu akiadhibiwa kwa kupiga mwanasesere walimwiga kidogo kuliko waliomwona akisifiwa au akiachwa tu. Steringi wengi hawaadhibiwi.

Hatari si kwamba mtoto atashika bunduki kesho. Ni kuamini kwamba aliyeonewa ana ruhusa ya kupiga. Leo atampiga mwenzake shuleni. Akikua, mke wake.

Mzazi, kuzima runinga peke yake hakutoshi. Kaa naye, mtazame pamoja, kisha muulize: "Yule mlinzi aliyeuawa pale mlangoni, unadhani nyumbani kwake nani anamsubiri?" Usimjibie. Mwache afikiri. Filamu haikumpa nafasi hiyo, mpe wewe.