Bangi: Tiba ya mgonjwa au kilevi cha wahuni?

LITAJWAPO neno bangi, wengi humwazia kijana aliyepotoka anayesakwa na polisi. Ni wachache wanaomfikiria mgonjwa wa kansa au mtoto mwenye kifafa. Ndiposa marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alizua mjadala mkali mwaka 2018 alipopendekeza mmea huo uhalalishwe.

Bangi ina kemikali nyingi, lakini mbili ndizo maarufu. THC ndiyo inayolevya, ingawa pia hupunguza kichefuchefu kwa wagonjwa wanaotibiwa kansa kwa kemikali. Ya pili, CBD, hailevyi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD, kutibu aina mbili za kifafa sugu kinachoanza utotoni.

Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu mihadarati iliiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25.

Hata hivyo, hicho si kibali cha kuvuta misokoto. Dawa hupimwa, nayo madhara yake hufuatiliwa na daktari. Moshi wa vichochoroni haupimwi na yeyote, na waweza kuvuruga akili ya kijana ambaye ubongo wake ungali unakua. Isitoshe, kuvuta bangi ni hatia nchini Kenya chini ya sheria ya 1994.

Mgonjwa asinyimwe tiba kwa makosa ya mlevi, wala mlevi asijifiche nyuma ya kitanda cha mgonjwa.