Bila Kufungwa, Mbona Pointi 74?

Siku moja hapa Gairo niliwakuta wazee wawili mgahawani wakibishana. Walikuwa wamewekeana debe la mahindi. Mmoja alisema: "Msimu wa 2021/22 Yanga walicheza mechi 30. Hawakufungwa hata moja. Kushinda ni pointi 3. Basi walipata pointi 90."

Mwenzake akasema: "Siyo, bwana! Mimi nilisikia redioni pointi 74."

Nani alipe debe? Tufanye hesabu.

Kwanza, mechi 30 zinatoka wapi? Msimu ule Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 16. Kila timu ilicheza na wenzake 15 mara mbili: nyumbani na ugenini. 15 mara 2 ni 30.

Pili, pointi. Ukishinda unapata 3. Ukitoka sare unapata 1. Ukifungwa hupati kitu. Hapo ndipo mzee wa kwanza alipopotea. Kutofungwa siyo kushinda. Sare nazo zina hesabu yake.

Tukisoma msimamo wa ligi tunaona hivi:

Yanga: Mechi 30. Kushinda 22. Sare 8. Kufungwa 0. Pointi 74.

22 mara 3 ni 66. 8 mara 1 ni 8. Jumla 74. Kila sare iliwapunguzia pointi 2, na sare 8 ni pointi 16. Toa 16 katika 90, unabaki na 74 ile ile.

Mzee wa kwanza alicheka. "Haya, nalipa. Lakini debe la kawaida, lisiwe la lumbesa!"

Je, mabao mengi yanaongeza pointi? Hapana. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1. Walipata pointi 3 tu, sawa na aliyeshinda 1-0. Lakini usiyadharau mabao. Mwisho wa msimu huo wa 2023/24, Azam na Simba walilingana, kila mmoja pointi 69. Azam wakashika nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga ukitoa ya kufungwa.

Msimamo una mkia pia. Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani kwetu Morogoro, ilikuwa bingwa mwaka 1999 na mwaka 2000. Msimu wa 2023/24 ilishuka daraja. Ligi haiangalii sifa za zamani. Kila msimu watu wote huanza na sifuri.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, usikubali kuambiwa tu. Soma safu moja moja, kisha jumlisha mwenyewe. Fanya hivyo kwa msimamo wa ligi. Fanya hivyo pia siku ya kuuza mahindi, mnunuzi anapoandika kilo na bei kwenye karatasi. Aliyejumlisha mwenyewe hapunjwi kirahisi.

Zoezi: Timu ya kijiji imecheza mechi 10. Imeshinda 6, imetoka sare 3, imefungwa 1. Ina pointi ngapi? Andika jibu katika daftari lako, halafu mpe jirani asahihishe.